Umeinama, Umelala au Umeegama? Kiswahili cha Vitu Visivyosimama Wima

Mnara wa Pisa, kule Italia, haujaegemea kitu. Umesimama peke yake uwanjani, kichwa kimekwenda upande, na hakuna ukuta wala gogo linaloukinga usianguke. Lakini yeyote anayesahihisha tafsiri za wanafunzi atakuwa amekutana na "mnara unaoegemea wa Pisa", kwa sababu kamusi imewaambia kwamba "lean" ni kuegemea. Kamusi imewapa nusu ya habari, ikawaacha hapo.

Mwingereza hulitumia "lean" kwa ngazi iliyowekwa ukutani, kwa kijana aliyejibanza kwenye nguzo ya umeme, na kwa mnara usioguswa na chochote. Ana na maneno mengine ya ukoo huo: "tilt", "slant", "slope", "incline", na kwa vyombo vya majini "list" na "heel". Ukiyapanga utaona mengi kati yake yanaulizia mstari: umeachana kiasi gani na wima, au umeachana kiasi gani na usawa wa maji. Kiswahili nacho kinauuliza mstari, ila hakiridhiki hapo. Kinataka kujua kitu kimefikaje katika hali hiyo, na kama kuna kinachokizuia kisiende mbali zaidi. Ndiyo maana "lean" moja inasambaa kwenye vitenzi vitano au sita vya kwetu, na ukichagua kimoja badala ya kingine umeshatoa ushahidi kuhusu chanzo, hata kama hukukusudia.

Mwanza ni mji mzuri wa kulichunguza jambo hili, kwani sehemu kubwa yake haijanyooka. Nyumba zimepanda milima ya Isamilo na Mabatini, mawe yamekaa juu ya mawe, na chini kuna ziwa ambalo juu yake hakuna kitu kinachosimama wima kwa muda mrefu.

Tuanze na kuegama, maana ndilo linaloleta vurugu. Babu aliyejilaza nusu kwenye kiti cha uvivu ameegama. Akiwa amesimama na mgongo wake uko ukutani, ameegemea ukuta. Fundi rangi anapoileta ngazi, anaiegemeza ukutani. Katika sayansi ya shule ya msingi kuna egemeo, ile sehemu ambayo wenzo unakaa juu yake ili kuinua mzigo. Katika ukoo wote huu kuna vitu viwili: kinacholala na kinachopokea. Kwa hiyo jaribio lake ni swali moja la papo hapo: kwenye nini? Ngazi imeegemea nini? Ukuta. Babu je? Kiti. Mnara wa Pisa? Hapo jibu linakosekana, na neno linaanguka.

Mnara ule umeinama. Ujenzi wake ulianza mwaka 1173, na udongo wa upande mmoja ulikuwa laini, ukatitia chini ya uzito. Mguu ukabaki palepale, kichwa kikaondoka. Hiyo ndiyo sura ya kuinama: shina lina mahali pake, ncha ndiyo inayokwenda. Mti wa ufukweni umeinama majini, tawi la mwembe limeinama kwa wingi wa embe, mama anayefagia uwanja kwa ufagio wa chelewa ameinama. Kati ya mwaka 1990 na 2001 wahandisi waliufanyia mnara ule kazi kubwa, wakatoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, na mwinamo ukapungua kutoka nyuzi 5.5 hivi hadi karibu nyuzi 4. Hawakuunyoosha kabisa, na nadhani hawakuwa wajinga. Mnara wa Pisa ulionyooka ungemleta nani?

Kuinama kuna jambo jingine ambalo watafsiri wa hadithi hulisahau. Kwa kuwa kichwa ndicho kinachotangulia chini, kitenzi hiki kimebeba heshima, aibu, sala na unyenyekevu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa katika riwaya za Kiingereza wahusika wana tabia ya kupeleka kichwa upande, sikio likikaribia bega, kuonyesha kwamba wanashangaa au wanasikiliza kwa makini. Mwingereza huiita "tilt". Mtafsiri anaandika "akainamisha kichwa", na msomaji wa Kiswahili anaona msichana aliyeona haya, au anayeomba dua, wakati mwandishi alitaka msichana mdadisi. Aandike "akalaza kichwa upande" na mambo yatakuwa sawa. Kichwa kikienda mbele na chini kimeinama, kikienda ubavuni kimelazwa.

Na hapo tumefika kwenye kulala, neno linalofanya kazi kubwa kuliko yote na ambalo kamusi za lugha mbili hulitazama kwa jicho la kitandani tu.

Nenda kwenye nyumba inayojengwa mlimani, usikilize mafundi. Fundi anapanda kwenye jukwaa na timazi yake: uzi, kibao kidogo juu, na risasi ya chuma inayoning'inia chini. Kibao kina upana uleule wa risasi. Anakibana kibao kwenye uso wa ukuta, anaachia uzi, anangoja risasi iache kucheza. Ikigusa ukuta kidogo tu, kama inayopapasa, ukuta uko wima. Ikiwa mbali na ukuta huku chini, maana yake juu kumekuja mbele. Ikiwa imelalia ukuta na uzi umepinda, juu kumerudi nyuma. Hatasema ukuta umeinama. Atasema, "Huu umelala," na mwenye nyumba atashika kiuno, kwa sababu anajua kozi tatu za juu zitabomolewa.

Kwa nini umelala na si umeinama? Nimewasikiliza mafundi kwa muda, na maoni yangu ni haya. Ukuta hauna kichwa wala kiuno. Haupindi, unaondoka wote kwa pamoja kama ubao, kuelekea mahali ambako safari ikiisha utakuwa chini. Kulala ni jina la mwendo huo wote, tangu kidole kimoja nje ya timazi hadi matofali kutandazika uwanjani. Mpunga wa Magu na Misungwi nao hulala, ukiwa umejaa punje na mvua ikaja na upepo. Hapo umelala kwelikweli, shuke ziko matopeni. Neno ni lile lile, kilichotofautiana ni umbali wa safari. Ukitaka kuubana umbali huo unaongeza maneno: umelala kidogo, umelala upande, umelala chini, umelala chali.

Ukuta wa kuzuia udongo una habari yake. Mlimani huwezi kujenga bila kukata kiwanja na kuuzuia mlima usikufuate ndani. Ukuta wa mawe unaojengwa sawasawa hulazwa makusudi kuelekea mlimani, chini ukiwa mnene kuliko juu, na huachiwa matundu ya kutolea maji. Matundu yakizibwa, mvua za masika hujaza maji nyuma yake, udongo unakuwa mzito, na ukuta unaanza kutoa tumbo. Sasa hapa sikiliza vitenzi: ukuta uliolazwa na fundi unaegemea mlima, nao ni mzima. Ukuta ulioelemewa na mlima umelala upande wa pili, kuelekea nyumba, nao ni hatari. Pembe zinaweza kulingana kabisa. Mwingereza angetumia "lean" kwa zote mbili na kuongezea kihusishi. Kwetu vitenzi vimekwisha kusema ukuta upi unaweza kulala usingizi karibu nao.

Mawe ya Mwanza ndiyo yanayodanganya macho zaidi. Mgeni akifika kwenye Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani karibu na ufukwe wa mji na lililopewa jina la Otto von Bismarck wakati wa Wajerumani, anaona jiwe limesimama juu ya mengine kwa namna ya kutia wasiwasi, na vipeperushi vya watalii vinamwambia kwamba linajishikilia lisianguke. Wenyeji tunasema limekaa. Katika hili wenyeji wana haki, na jiolojia iko upande wao. Miamba hii ni matale, yaani graniti, ya kale sana, yaliyoganda chini ya ardhi yakiwa pande moja kubwa lenye nyufa. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakalainisha jiwe kandokando, pembe zikaliwa kwanza na katikati kukabaki pagumu. Kisha mvua za miaka isiyohesabika zikakokota mchanga na udongo, na madonge magumu yakabaki nje, moja juu ya jingine, mahali palepale yalipokuwa. Hakuna jiwe lililobingirika likaegama kwa mwenzake. Ukisema "limeegama" umelipa historia ambayo haikutokea. Limekaa, na kuna yaliyokaa upande.

Ardhi yenyewe haiinami wala hailali kwa maana hizi. Ardhi ina mteremko. Au mwinuko, inategemea unakwenda wapi. Kilima cha Bugando, penye hospitali, ni mteremko kwa muuguzi anayetoka zamu na ni mlima kwa bodaboda anayempeleka mwenzake kuingia. Kiingereza huridhika na "slope" kwa wote wawili. Mafundi wamelichukua neno hilo na kulifanya letu, slopu, lakini wamelipunguza maana: slopu ni mteremko uliowekwa makusudi ili maji yaende yanakotakiwa. Sakafu ya bafu ina slopu. Paa lina slopu. Kilima cha Bugando hakina slopu, nami sijamsikia mtu akisema kinayo. Nalipenda neno hili licha ya asili yake, maana limejaza pengo la kweli. Pia limekuwa na kazi nyingi tangu watu walipoanza kupenda nyumba za kuficha paa, zile ambazo kuta zinapanda juu kuficha bati, na bati huko ndani limewekwa karibu sawa na meza. Slopu ikiwa ndogo, maji yanatuama, yanatafuta tundu la msumari, na baada ya msimu mmoja dari inakuwa na ramani.

Haya ya nchi kavu ni mepesi. Ziwani ndiko maneno yanakogharimu.

Chukua mtumbwi wa tanga. Upepo unapolipiga tanga kutoka ubavuni, mtumbwi unalala. Ubavu mmoja unaingia majini zaidi, na kwa sababu umeingia, unasukuma maji mengi zaidi upande huo, nayo maji yanausukuma kwenda juu. Upepo ukilegea, unanyanyuka wenyewe. Mabaharia wa Kiingereza wana neno la hali hii, "heel", na hawalichanganyi na "list", ambalo ni la chombo kilichoelekea upande na kukaa hivyo, bila upepo wala kona ya kukilaumu. Hilo la pili kwetu ni kuelemea. Magunia ya dagaa yamepangwa upande mmoja, au abiria wamefuata kivuli cha turubai, na mtumbwi umeelemea kushoto. Hautanyanyuka kwa kungoja. Kuna mzigo mahali usipotakiwa, na hadi mzigo uhame, chombo kitabaki hivyo. Ndiyo maana nahodha hapigi kelele "tunalala", anapiga kelele "tunaelemea", kisha anamnyooshea mtu kidole: wewe, hamia huku.

Tofauti hii si ya walimu wa sarufi. Aliyeambiwa chombo kimelala kwa upepo anapunguza tanga au anageuza kichwa cha chombo. Aliyeambiwa kimeelemea anahamisha mzigo. Kuna na jambo la tatu linalochanganya yote, maji yaliyoingia ndani. Maji hayo hayakai. Mtumbwi ukienda kushoto kidogo, nayo yanakimbilia kushoto, yanauongezea uzito upande uleule uliokwisha kushuka. Mtumbwi wenye maji sakafuni unaweza kulala kwa wimbi dogo ukashindwa kurudi, kwa kuwa kilichoanza kama kulala kimegeuka kuelemea kabla hujamaliza kutamka neno. Kwa hiyo kijana wa kuchota maji, ambaye hulipwa kidogo kuliko wote, anafanya kazi ya kuyatenganisha maneno mawili.

Kuyumba ni jingine tena. Chombo kinachoyumba kinakwenda upande huu na kurudi upande ule kwa mawimbi. Kiswahili cha pwani kina jina la kibaharia la mwendo huo, mrama: chombo kinakwenda mrama. Hapa ziwani sijawahi kulisikia likitumika kwa mtumbwi. Kwetu harusi huenda mrama, biashara huenda mrama, mkopo wa kikundi huenda mrama. Mitumbwi inayumba tu. Neno lilipanda bara bila chombo chake. Vivyo hivyo kombo na upogo, ambayo siku hizi ni ya mambo na tabia kuliko ya vitu, ingawa bado utamsikia mtu akisema picha imetundikwa kombo.

Baada ya kuelemea yanafuata kupinduka na kuzama, na hapa ningeomba waandishi wa habari wa mkoa huu wanisikilize kwa dakika moja. Kivuko cha MV Nyerere kilipata ajali tarehe 20 Septemba 2018, kikitokea Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kwenda Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101 na kilikuwa kimebeba zaidi sana ya hao. Kikaelemea, kikapinduka karibu kabisa na gati, na zaidi ya watu 220 wakafariki dunia. Karibu kila kichwa cha habari kilisema "kivuko chazama". Lakini picha zilionyesha kitako cha kivuko kikiwa juu ya maji, na kilikaa hivyo kwa siku kadhaa mpaka kilipogeuzwa. Kilikuwa kimepinduka. Na kwa kuwa chombo kilichopinduka kinaweza kunasa hewa ndani ya tumbo lake, siku ya pili baada ya ajali waokoaji walimtoa humo mtu akiwa hai, fundi wa kivuko hicho.

Miaka 22 nyuma, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa ikija Mwanza kutoka Bukoba kupitia Kemondo. Ilipinduka haijafika bandarini, na kwa saa kadhaa ilibaki ikielea kifudifudi. Ndani kulikuwa na watu. Ilipotobolewa tundu kwenye kitako ili kuwafikia, hewa iliyokuwa imenaswa ikatoka, na hapo ndipo meli ilipozama. Baadhi ya waliokufa walizikwa Igoma. Katika habari ile ile kuna kupinduka na kuna kuzama, kwa mpangilio huo, na baina yao kuna saa ambazo kwa watu waliokuwa ndani zilikuwa na maana kuliko neno lolote ninaloweza kuliandika hapa. Anayeandika "ilizama" tangu mstari wa kwanza amezifuta saa zile.

Turudi kwenye mambo mepesi zaidi, yale ya mstari mtupu.

Kuna vitu vilivyo upande kwa sababu vimebuniwa hivyo, havikuchoka wala havikulemewa. Kiswahili hakivipi kitenzi cha mwili, kinavipa jina la umbo: mshazari, hanamu, mlazo. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina nyaya zinazoshuka mshazari kutoka kwenye nguzo zake hadi kwenye barabara. Ukisema nyaya hizo "zimelala" utamshtua abiria. Hanamu ni la maseremala: ubao unakatwa hanamu pale unapokutana na mwenzake kwenye pembe, kama fremu ya picha. Katika jahazi, hanamu ni ule mti wa mbele kabisa unaokata maji, na ukiutazama utaona kwa nini seremala alilichukua neno. Mlazo ni wa wachapaji, herufi za mlazo zile zinazoelekea kulia. Alama tunayoiweka kati ya siku na mwezi tunapoandika tarehe kwa tarakimu inaitwa mkwaju, na inanifurahisha zaidi kuliko inavyostahili.

Wanafunzi huchanganya mlalo na ulalo, nami siwalaumu. Mlalo ni mstari ulio sawa na uso wa ziwa siku ya utulivu, kinyume cha wima. Ulalo, katika hisabati, ni mstari unaotoka kona moja ya mstatili hadi kona inayotazamana nayo. Herufi moja, na mstari umeinuka. Aliyeyaunda maneno haya alikuwa na hakika kwamba sote tunasikia vizuri.

Angani napo pana kazi. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na hapa kuinama ni sahihi, maana ncha ndizo zilizokwenda. Kwa sababu ya mwinamo huo jua la mchana wa Mwanza huhama. Mji uko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni linakuwa upande wa kaskazini, na kivuli cha mchana kinaangukia kusini. Likishavuka utosi tunasema jua limepinduka, kitenzi kilekile cha meli, bila kumtisha yeyote. Waislamu wanaosubiri adhuhuri wanalijua neno hilo vizuri.

Na mwezi mwandamo kwetu umelala chali. Bendera ya Uturuki inauonyesha ukiwa umesimama kwa ubavu, na vitabu vingi vya watoto vilivyochapwa Ulaya vinafuata mkao huo. Lakini karibu na ikweta, njia ambayo jua na mwezi hupita angani hushuka karibu wima kuelekea upeo. Jua likishazama liko chini ya mwezi, si pembeni yake, kwa hiyo sehemu inayong'aa ni ya chini, na pembe mbili zinatazama juu. Wavuvi wa dagaa wanauangalia kwa sababu nyingine kabisa: taa zao zinavuta dagaa vizuri usiku wa giza, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa wanapumzika. Ila ukimwonyesha mmoja wao picha ya mwezi uliosimama, ataona umechorwa vibaya, na kwa anga ya hapa atakuwa hajakosea.

Limebaki moja, nalo ni la siasa na magazeti. Mwingereza akisema habari ina "slant", anamaanisha imepelekwa upande. Kiswahili kinakuuliza tena swali lake: imepelekwa vipi? Kama mwandishi anampenda mtu fulani kuliko wengine, ana upendeleo. Kama anaegemea upande fulani, zingatia ukuta na ngazi: upande huo ndio unaomshikilia, ukiondoka naye ataanguka. Kwa hiyo kumwambia mwandishi kwamba ameegemea mfanyabiashara fulani ni tuhuma nzito kuliko kumwambia ana upendeleo, na wengi huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Mjadala ukiwa na wazungumzaji watatu wa upande huu na mmoja wa upande ule, umeelemea. Hapo tatizo liko kwenye mzigo, na dawa ni ileile ya mtumbwi. Watangazaji wa mpira nao wanasema wenyeji "wameelemewa" pale timu nzima imerudi kulinda lango. Na kama ukweli wenyewe umeshikwa ukageuzwa, habari imepindishwa, neno la mtu aliyetumia mikono.

Nchi nazo zilipotaka kusema hazimo upande wa Marekani wala wa Urusi ya Kisovieti, zile zilizokutana Belgrade mwaka 1961, kwa Kiswahili hazikuitwa zisizoegemea. Ziliitwa nchi zisizofungamana na upande wowote, na aliyechagua alichagua vizuri, maana nchi changa za wakati ule zilikuwa zimeegemea hapa na pale kwa mikopo na wataalamu, na zilijua. Kilichokataliwa kilikuwa kamba.

Hivi karibuni nilipokea tafsiri ya makala kuhusu vyombo vya habari, na mtafsiri, kijana mwenye Kiingereza kizuri, alikuwa ameandika "taarifa ya mshazari". Nilimpigia. Nikamuuliza taarifa ile iliharibiwa na nani: aliyeiandika, aliyemlipa mwandishi, au uchache wa watu waliohojiwa? Akaurudia ukurasa wa Kiingereza, akasema haukueleza. Basi tukasoma aya nne zilizofuata, jibu likapatikana kwenye aya ya tatu, na sasa pameandikwa "iliyoelemea upande mmoja".